Kajiado Kumenyesha?

Baba alikuwa na swali moja la jioni. Nikifika nyumbani Kitengela kutoka kazini, kabla sijaweka mkoba chini, nainamisha kichwa mbele ya kiti chake, ananiwekea kiganja utosini, halafu anauliza, "Kajiado kumenyesha?" Nikisema ndiyo, anataka kujua kama ni mvua ya kulowesha vumbi tu au ni ya kujaza mabwawa. Nikisema hapana, anatikisa kichwa kana kwamba mimi ndiye niliyeizuia.

Wageni walikuwa wakishangaa. Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya, na kwetu binti mzima haendi kuinamisha kichwa ili aguswe kama mtoto mdogo. Lakini Baba alipewa kazi ya ualimu huku Umaasaini angali kijana, na asubuhi yake ya kwanza shuleni watoto walimjia mmoja mmoja wakiwa wameinamisha vichwa. Alisimama pale hajui afanye nini. Alituambia baadaye kwamba alidhani wanamwonyesha chawa. Mwalimu mwenzake ndiye aliyemnong'oneza kwamba huku mtoto humsalimu mtu mzima hivyo, naye mtu mzima humgusa kichwani, na usipomgusa umemkataa. Tangu siku hiyo hakuacha kumgusa yeyote. Desturi ile akaileta nyumbani, kwangu na kwa mdogo wangu wa kiume, na Mama akawa anacheka kwamba amezaa watoto wa Kiluhya akalea Wamaasai.

Mama alipofariki, tulimleta Baba kukaa kwetu. Mume wangu ni mtu wa Murang'a na anafuga kuku nyuma ya nyumba, kwa hiyo yeye ndiye anayeshinda nyumbani. Baba alimpenda mkwe wake siku ile ile alipoyaona mabanda. Alisema binti yake amefanya akili, badala ya kuletewa kuku wa mahari ameolewa kwenye shina lao. Wawili hao walikuwa wakishinda pamoja, mmoja anasafisha vyombo vya maji ya kuku, mwingine anamsahihishia Kiswahili.

Mimi kazi yangu iko mjini Kajiado, katika ofisi inayofuatilia mvua na ukame. Watu hudhani tunatabiri, wananipigia simu kuniuliza kama wafanye harusi mwezi fulani. Hatutabiri harusi. Mimi hupewa mifuatano mirefu ya siku, hii kulinyesha, hii hakukunyesha, na swali langu ni hili: je, siku hizi zinajuana? Leo ikinyesha, kesho inapata habari, au kila siku huamka peke yake bila kujali ya jana?

Namna ya kulijaribu si ngumu, na nimewaeleza wafugaji wa Kisaju mpaka wakanielewa kuliko wakubwa wangu. Unachukua siku mbili mbili zinazofuatana na kuzipanga katika vyumba vinne: mvua ikifuatwa na mvua, mvua ikifuatwa na ukavu, ukavu ukifuatwa na mvua, ukavu ukifuatwa na ukavu. Kisha unajiuliza, kama siku hizi hazijuani kabisa, kila chumba kingekuwa na siku ngapi? Ukikuta vyumba vimejaa karibu vile ulivyotarajia, huna sababu ya kusema siku zinajuana. Ukikuta mvua imejazana nyuma ya mvua kupita vile bahati tu ingeweza kufanya, basi siku zimeshikana mikono. Mvua za kwetu hushikana. Ndiyo maana ukame nao huja ukakaa.

Nasema haya yote kwa sababu jioni moja niliinamisha kichwa, Baba akakigusa, halafu akaniuliza, "Wewe ndiye mwalimu mpya?"

Nilicheka, nikadhani ni utani. Yeye alikuwa mtu wa utani. Nilipoinua uso nikaona anangoja jibu.

Daktari alitueleza kwa upole kwamba ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma, ila utakuwa na siku zake nzuri na siku zake mbaya. Maneno hayo, siku nzuri na siku mbaya, yaliniingia kikazi. Sijui kuhuzunika bila kuhesabu, nimeumbwa hivyo. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na kalenda ya duka la dawa za mifugo, ina picha ya ng'ombe aliyenona kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumwona Kajiado. Nikaanza kutia alama. Jioni ambayo Baba aliniuliza habari ya mvua, nukta ya wino. Jioni ambayo hakuuliza, duara tupu. Sikumwambia mtu. Mguso wa kichwani sikuuhesabu, kwa maana huo alimpa yeyote aliyeinama, hata watoto wa jirani waliofuata mpira uani. Swali la mvua ndilo lililoonyesha kwamba anajua mimi ni nani na nimetoka wapi.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuhesabu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikininyima raha. Sababu yenyewe ni mdogo wangu.

Mama alipozikwa kule nyumbani, mdogo wangu hakuja. Alipanda basi, akashuka njiani, akarudi. Aliniambia mwaka mzima baadaye kwamba hakuweza kuona Mama akiteremshwa udongoni, na mimi namwamini, kwa sababu tangu utotoni yeye hukikimbia kila kitu kinachouma. Lakini alipotokea baada ya matanga na hadithi ya gari kuharibika, Baba alisimama mbele ya wazee na shangazi zetu akasema, "Huyo kwangu amekufa." Mtu aliyetufundisha sisi wenyewe, ubaoni, kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Kwetu, neno la baba lililosemwa mbele ya watu halifutwi kwa kutuma mjumbe. Litatolewa na kinywa kile kile kilicholitia. Mdogo wangu akaenda kupanga chumba Embulbul, akafanya kazi, akapata mwanamke mwema, na hakuweza kwenda kwa wazazi wa mwanamke huyo kwa sababu nani angemsemea kule? Kijana aliyekufa haendi kuoa. Kila nilipompigia simu aliuliza Baba anaendeleaje, na nilimsikia akishusha pumzi kabla ya jibu langu. Baba naye kabla ya ugonjwa alikuwa ameanza kulegea. Siku moja aliniambia, bila kunitazama, "Embulbul ni mahali pa baridi." Mimi nikajua kwamba neno lile limeanza kumkwama kooni. Tulichelewa tu. Sote tulikuwa tunangoja wakati mzuri.

Kwa hiyo ilibidi nimpate Baba katika siku nzuri, na ilibidi niijue kabla haijafika. Mdogo wangu hawezi kuletwa akasimama mlangoni mwa mtu asiyemjua. Kama siku za Baba zilikuwa zikishikana, ningeona jioni njema na kusema, njoo kesho. Kama kila siku iliamka peke yake, basi ni kubahatisha.

Mara ya kwanza nilipozijaribu, mezani kwangu Kajiado saa ya chakula cha mchana, hazikujuana. Vyumba vinne vilijaa karibu sawasawa na vile bahati ingevijaza. Baada ya nukta, duara lilikuja kwa urahisi ule ule kama baada ya duara. Nilifunga kompyuta nikaenda kusimama nje. Mwenzangu mmoja wa ofisini, mama wa Kimaasai anayependa kunichokoza, aliniuliza, "Leo ni nini, mvua imekukataa?" Nikamwambia ndiyo, imenikataa.

Niliendelea kutia alama, kwa ukaidi tu. Na baada ya miezi, mambo yakabadilika. Nukta zilianza kuja kwa makundi. Baba anauliza habari ya mvua leo, kesho anauliza, kesho kutwa anauliza, halafu kimya cha siku kadhaa, halafu tena. Sikuamini macho, nikazipima tena. Na nilijihadhari, maana kuna mtego hapo: mgonjwa anayezidi kudhoofika huwa na siku nzuri nyingi mwanzoni na mbaya nyingi mwishoni, ukizichanganya zote utadhani zinashikana kumbe ni mteremko. Nikazigawa, nikapima zile za karibuni peke yake. Zilishikana. Zilishikana kuliko mvua.

Jioni hiyo nilimfuata mume wangu mabandani nikiwa bado na viatu vya kazini. Alikuwa ameinama anasugua chombo cha maji. Nikamwambia kila kitu, kalenda, nukta, vyumba vinne. Nilikuwa nacheka. "Ubongo wake unashika! Ukishika leo, kesho bado umeshika. Unaelewa hiyo maana yake? Tunaweza kuita kijana."

Aliendelea kusugua. "Hesabu imesema hivyo?"

"Imesema hivyo."

"Na haiwezi kuwa ni kitu ingine?"

"Kitu gani?"

Alinyanyuka, akaosha mikono polepole, akanitazama usoni kwa muda. "Wewe ndio unajua hesabu," akasema.

Nilingoja kundi zuri la nukta, na lilipokuja nikampigia simu mdogo wangu siku ya Ijumaa jioni, Baba akiwa ametoka kuniuliza swali lake na kuongeza kwamba hata mbuzi wa Tuala wamekonda. Nikamwambia njoo kesho. Akauliza avae nini.

Jumamosi asubuhi nilimwambia mume wangu apeleke mayai kwa wateja wake wa Rongai, asiharakishe kurudi. Alisema, "Afadhali niwe hapa."

"Hapana. Hii ni ya baba na mtoto."

"Mimi nitakaa tu huko nyuma na kuku. Hamtaniona."

Nikamkemea. Nilimwambia kuna mambo ya damu na asichukulie vibaya. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku ile nilikuwa na hofu, na hofu yangu huvaa nguo za hasira. Alizipanga upya trei za mayai ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Hatimaye akachukua trei akaenda.

Mdogo wangu alifika na koti jipya, mkate, majani ya chai na sukari, kama mtu anayekwenda ukweni. Alikuwa amenyoa. Baba alikuwa kitini pake karibu na dirisha, jua la alasiri likimwangukia magotini. Mdogo wangu aliweka mfuko sakafuni, akaenda mbele yake, akainamisha kichwa. Baba akanyoosha mkono na kumwekea kiganja utosini. Nilishika mlango.

"Karibu, mzazi," Baba akasema. "Wewe ni baba ya nani?"

Mdogo wangu akainua uso.

"Keti, keti. Umekuja juu ya mtoto? Kama ni karo mimi sifukuzi mtu. Kama ni nidhamu, tuite yeye mwenyewe aje aseme."

"Baba, ni mimi."

Baba akanigeukia mimi. "Mwalimu, huyu mzazi anasema nini?"

Nilipiga magoti kando ya kiti. Nikamwambia, "Baba, huyu ni kijana wako. Ametoka Embulbul. Amekuja kukuona."

Uso wake ulibadilika, na kwa muda mfupi nilidhani amefika. Aliyashusha macho hadi kwenye mikono yake. "Mimi nilikuwa na kijana," akasema. "Alikufa."

Kuku walikuwa wanapiga kelele nyuma ya nyumba.

"Alikufa, mzazi. Na sikumzika. Sijui hata ni nani alimzika." Akaanza kulia. Baba yangu, ambaye kwenye kaburi la Mama alisimama wima kama nguzo, alilia kwa sauti, na machozi yakamwingia kwenye ndevu, akawa anauliza kama kuna mtu yeyote anayejua kaburi liko wapi.

Hapo nikaelewa jambo ambalo sijaweza kulisamehe mpaka leo, na simjui wa kumlaumu. Alikuwa amesema kwa hasira kwamba mtoto amekufa. Ugonjwa ulikuja ukachukua hasira, ukamchukua mtoto, ukaliacha neno. Likabaki kichwani mwake peke yake, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine kando yake, akaliamini.

Mdogo wangu alisogea akapiga magoti mahali nilipokuwa. Alichukua mikono ya Baba akaifumbata katika yake. "Pole, mzee," akamwambia. "Pole sana."

"Asante, mzazi. Mungu akuwekee wako."

Alikaa hivyo mpaka Baba alipotulia. Kisha akanywa chai niliyompa, yote, ingawa najua hapendi chai yenye tangawizi, akaaga kwa heshima kama mgeni, akaenda. Kwenye lango nilimshika mkono lakini akaniomba nimwache. Alisema amechoka, anataka kufika kabla baridi haijaanza.

Mume wangu alirudi jua likielekea kuzama. Nilikuwa jikoni nimeegemea ukuta, bado sijaosha vikombe. Hakujua kama nipo karibu. Nilimsikia akivuta kigoda kando ya kiti cha Baba, kisha sauti yake, ya chini, ya mtu anayerudia kitu alichokisema mara nyingi.

"Mzee. Binti yako yuko ndani. Anafanya kazi Kajiado, kwa mambo ya mvua. Sasa hivi atakuja kukusalimia. Atainama. Wewe muulize kama Kajiado kumenyesha."

"Kajiado?"

"Kajiado kumenyesha. Hebu sema."

"Kajiado kumenyesha."

"Ndio hivyo, mzee. Vizuri sana."

Nilitoka jikoni. Mume wangu aliniona, akabaki pale kigodani, mkono wake ukiwa juu ya goti la Baba. Baba akanitazama, akamtazama yeye, kisha akasema kwa bidii ya mtoto anayetaka kupata alama, "Kajiado kumenyesha?"

Nilimwambia ndiyo, Baba, kumenyesha. Haikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa, na ilikuwa Jumamosi.

Tulizungumza nje, kando ya mabanda. Nasema tulizungumza, lakini mimi nilikuwa nafoka. Nilimwita mwongo. Nilimwuliza ameanza lini.

"Niliona vile unaangalia hiyo kalenda," akasema. "Kila jioni. Ukichora hiyo duara, hukuwa unakula. Nikasema, wacha nimkumbushe mzee kidogo, saa ya chai ya saa kumi, kabla ufike. Kwani kuna mtu hakumbushwi?"

"Na siku ambazo hakuuliza?"

"Hizo alikataa. Akikataa anakuwa mkali, ananiita mwizi wa kuku, ananiambia atapigia chifu. Basi naogopa kumsumbua, namwacha siku mbili tatu apoe. Akikubali, kesho yake napata roho ya kujaribu tena."

Nilikaa juu ya gunia la chakula cha kuku. Kila kitu kilikuwa pale. Nukta ilifuatwa na nukta kwa sababu mume wangu alipata moyo. Duara lilifuatwa na duara kwa sababu mume wangu aliogopa. Jaribio langu halikukosea hata kidogo. Liliniambia siku zimeshikana mikono, nami sikumwuliza mtu aliyekuwa katikati akizishikisha. Nilikuwa nimempima mume wangu, upendo wake na woga wake, nikaita ubongo wa Baba. Na siku moja niliyotaka izae matunda, nilimtuma Rongai na mayai.

"Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Miezi mingi sikuwa nimekuona umefurahi. Nikasema labda na wewe uko na ukweli wako, labda mzee amebaki na kitu ndani. Nilitaka tu kuwa karibu ikikataa."

Nilimkasirikia kwa muda mrefu, na hasira ile ilikuwa ya bure, kwa sababu kila nilipotaka kuisema vizuri ilitoka kinywani kama shukrani. Kalenda niliiondoa mlangoni nikawasha nayo jiko. Nikamwomba asimkumbushe Baba tena kwa ajili yangu. Akakubali, na alitimiza. Tangu jioni hiyo nainamisha kichwa, Baba anakigusa, ananiita mwalimu, ananiuliza kama madaftari yamekusanywa. Habari ya mvua hajaniuliza tena. Hiyo sikuhitaji kuipima.

Kuhusu mdogo wangu, tulijaribu. Mume wangu alikaa na Baba wiki nzima akimwambia taratibu, mzee, kijana wako yuko hai, anakuja Jumamosi. Baba alimsikiliza mara moja, mara mbili. Mara ya tatu alisimama akamwambia asimchezee na mtoto wake, na akakataa chakula mpaka kesho yake. Nilimweleza mdogo wangu kwa simu. Akasema tuache. "Kila mkimfufua inabidi afe tena," akasema. "Wacheni nije tu kama mzazi."

Na ndivyo anavyokuja. Jumamosi nyingi huja kutoka Embulbul, anainama, anaguswa, anaitwa mzazi. Anamkata Baba kucha. Anamnyoa. Wakati mwingine Baba anamweleza habari za kijana wake aliyekufa, alivyokuwa mwepesi wa hesabu na mwoga wa mbwa, na mdogo wangu anaitikia, eeh, mzee, pole. Mara moja alikuja na yule mwanamke wake. Baba akamwambia mwanamke kwamba mtoto wao atapita mtihani. Mwanamke alishukuru vizuri, akaenda kulia chooni.

Jumamosi iliyopita mvua ilishuka tangu asubuhi, mvua yenyewe, ile ya kujaza mabwawa. Udongo mweusi wa Kitengela ulikuwa umeshika kila kiatu, na mabati yalipiga kelele hata tukawa tunasemezana kwa sauti ya juu. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda na mguu wa Baba mapajani, anampaka mafuta. Mume wangu alikuwa mlangoni na trei ya mayai mikononi, akijikung'uta maji. Baba alikuwa ameanza tena kuhusu kijana wake.

Mdogo wangu akaacha kupaka. "Mzee," akasema, "huyo kijana wako, kama angeingia hapa saa hii, ungemwambia nini?"

Nilitaka kumzuia. Nilikuwa nimeshanyanyua mkono. Mambo mengine mtu hayaulizi akiwa na moyo mmoja tu wa kuvunjwa.

Baba aliwaza. Alisikiliza mabati. "Singemwambia kitu," akasema. "Ningemuuliza kama huko aliko kumenyesha."

Niligeuka nikamtazama mume wangu. Akatikisa kichwa. Hakuwa amemfundisha.

Mdogo wangu aliuweka mguu wa Baba chini polepole, akaushika mkono wake. "Kumenyesha, Baba," akasema. "Huko kumenyesha sana."

Baba aliutoa mkono wake katika mikono ile, akainama mbele, akamchunguza uso kwa makini, jicho hili kisha lile.

"Wewe mzazi," akauliza, "umejuaje?"